Gari limekosa nguvu baada ya kubadilisha plagi, waya, kepu na rota: tatizo liko wapi?

#1 MpandaMlima
Habari wakuu. Gari langu ni Toyota ya petroli, injini 4A-FE, gia za mkono, bado inatumia distributa (kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi). Kwa miezi kadhaa lilikuwa linamisi (silinda nyingine haiwaki) asubuhi na ulaji wa mafuta ukapanda. Fundi akaangalia, akasema vifaa vya moto vimechoka. Tukabadilisha kwa mkupuo mmoja: plagi nne, waya za plagi zote, kepu ya distributa na rota.

Tangu siku hiyo gari likiwa limesimama linanguruma vizuri kuliko zamani, ukiweka kikombe cha maji juu ya injini hakitikisiki. Barabara tambarare linaenda. Shida ni mlima. Nikiwa gia ya tatu, nikikanyaga mafuta kupita nusu, linabana kama mtu aliyekabwa koo, linadunda mara mbili tatu na mshale wa resi (mizunguko ya injini kwa dakika) unagoma kupita 2,800. Nikilegeza mguu linapata nafuu. Nikikanyaga tena, yale yale. Mlima huohuo nilikuwa naupanda na gia ya nne. Taa ya cheki injini haiwaki.

Kinachoniumiza kichwa ni hiki: spea mpya zinawezaje kufanya gari liwe bovu kuliko lilivyokuwa na zile zilizochoka?

#2 SpanaKumi
Waya mmezipishanisha kwenye kepu. Mpangilio wa injini hiyo ni 1-3-4-2. Kagua utaniambia.

#3 BiGia
@SpanaKumi hapana mkuu. Ukipishanisha waya mbili kwenye injini ya silinda nne unaua silinda mbili papo hapo. Gari lingetikisika hadi usukani, tena lingepiga mapigo kwenye eksozi. Mleta mada anasema kikombe hakitikisiki. Mpangilio uko sawa.

#4 NipoSitiYaMbele
Langu lina dalili zilezile. Nakaa hapa nisubiri majibu.

#5 FundiMwanya
Mleta mada, swali lako la mwisho ndilo la maana, wengi huwa hawaliulizi.

Injini ikinguruma bila mzigo, kipepeo cha hewa kimekaribia kufungwa, kwa hiyo hewa inayoingia silindani ni kidogo na mgandamizo wakati cheche inaruka ni mdogo. Cheche dhaifu inaruka bila shida. Ukikanyaga mafuta mlimani, silinda inajaa hewa na mafuta, mgandamizo unapanda, na cheche sasa inahitaji volti nyingi zaidi kuruka umbali uleule. Kama kuna udhaifu mahali popote kati ya koili (inayotoa volti za cheche) na ncha ya plagi, utajitokeza hapo hapo mlimani na si mahali pengine. Ndiyo maana gari linaweza kutulia gereji, fundi akapokea shukrani, na wewe ukaja kuaibika kwenye kilima cha kwanza.

Kwa hiyo cha kwanza ni mwanya wa plagi. Soma maandishi kwenye kauri. Kama ni NGK na namba inaishia na -11, maana yake mwanya ni milimita 1.1. Isiyo na hiyo -11 kwa kawaida huwa 0.8 au 0.9. Linganisha na kitabu cha gari au kibandiko chini ya boneti, halafu pima zote nne. Usiamini kwamba imetoka kwenye boksi ikiwa sawa. Plagi ikidondoka mara moja tu sakafuni mwanya unaweza kubadilika, na kauri ikapata ufa usiouona.

#6 Msafiri_wa_Usiku
Mimi nasema joto la plagi. Umewekewa plagi za baridi. Namba ikiwa ndogo plagi ni ya baridi, ikiwa kubwa ni ya moto. Umesoma namba ngapi?

#7 FundiMwanya
@Msafiri_wa_Usiku hapo umegeuza. Kwa NGK na Denso namba kubwa ndiyo ya baridi zaidi. NGK 5 inalingana na Denso 16, NGK 6 na Denso 20. Bosch na Champion ndio wanaokwenda kinyume, namba kubwa ni ya moto. Watu wengi wanaharibikiwa hapo wanapohama kampuni.

Pili, hilo "joto" halihusu nguvu ya cheche. Linahusu kasi ya ncha kupeleka moto kwenye kichwa cha injini. Ncha ikibaki chini ya nyuzi 450 hivi inashindwa kujichoma masizi, ikipita 800 na zaidi inaanza kuwasha mafuta kabla ya wakati. Plagi ya baridi kupita kiasi itakupa shida baada ya muda, ikishajaa masizi. Haikati nguvu siku ileile iliyofungwa. Gari la mleta mada limeanza siku ileile.

#8 Msafiri_wa_Usiku
Nimekuelewa, asante. Hiyo ya Bosch sikuijua.

#9 Mama_Karakana
Hakuna aliyeuliza kuhusu taiming (wakati wa cheche kuruka). @MpandaMlima, wakati wa kubadilisha kepu, distributa ililegezwa?

#10 KabureitaDaima
Mama Karakana amegusa penyewe. Angalia na kile kipira chembamba kinachoenda kwenye diski ya vakyumu pembeni ya distributa. Kikichomoka, taiming haisogei mbele unapokanyaga. Langu lilikuwa hivyo wiki mbili nzima, nikabadilisha pampu ya mafuta bure.

#11 Mama_Karakana
@KabureitaDaima kwa gari lako ni sahihi kabisa. Gari la mleta mada taiming inasogezwa na kontroli boksi (kompyuta ya injini), distributa yake haina diski ile. Lakini hapo ndipo kuna mtego mwingine, nangoja ajibu kwanza.

#12 MpandaMlima
Nimerudi. Asanteni wote.

Plagi ni NGK zenye -11 mwishoni. Fundi hakuzipima. Na ndiyo, distributa ililegezwa, kwa sababu skrubu moja ya kepu ilikuwa imejificha upande wa nyuma na bisibisi haikufika. Alilegeza bolti, akaizungusha, akabadilisha kepu, akarudisha. Halafu akaseti kwa taa ya taiming kwenye 10. Nilimwona kwa macho yangu, alama ilikaa pale pale.

#13 Mama_Karakana
Aliunganisha TE1 na E1 kabla ya kuwasha taa ya taiming?

#14 MpandaMlima
Nimempigia simu sasa hivi. Ameuliza TE1 ni nini.

#15 Mama_Karakana
Basi ndugu yangu, mtego wenyewe ni huo.

Kwenye injini hiyo, nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu ni kipimo cha msingi, na kinasomwa TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa kwa kipande cha waya kwenye kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti. Ukiunganisha, kontroli boksi inaacha kuongeza taiming na unaona hali halisi ya distributa. Usipounganisha, boksi tayari limeongeza nyuzi zake juu ya zile za msingi. Fundi anaona alama imepita 10, anadhani distributa iko mbele sana, anairudisha nyuma mpaka alama ikae. Taa inasoma 10, lakini msingi wenyewe unaweza kuwa umeshuka hadi 2 au sifuri.

Kumbuka pia distributa inazunguka nusu ya kasi ya krenki (shafti kuu ya injini). Ukiisogeza nyuzi 4 tu kwa mkono, umesogeza taiming nyuzi 8. Ni mzunguko mdogo ambao jicho halioni.

Cheche ikichelewa, mafuta yanawaka wakati pistoni imeshaanza kushuka. Msukumo unapotea, moto mwingi unaishia kwenye eksozi, gari linakuwa zito na linachemka upesi. Linanguruma kwa utulivu, lakini mlimani halina kitu.

#16 SpanaKumi
Dada, hili somo ningelipata mapema. Nimeseti magari mangapi bila hicho kiwaya!

#17 BiGia
@Mama_Karakana sipingi, ila taiming iliyochelewa inaleta uzito wa jumla. Gari linakuwa zito kuanzia unapoondoka. Haileti ule mdundo wa "mara mbili tatu" kisha nafuu ukilegeza mguu. Mdundo ni kumisi. Mimi naona matatizo mawili yamekaa pamoja, au moja ambalo hatujaligusa.

Kuna nne hapa hamjazisema: mpira wa hewa, klachi, breki inayoshika, na masega ya eksozi (kile kifaa cha kusafisha moshi). Mpira wa hewa kati ya eyakilina na injini mara nyingi huondolewa ili mkono upite. Usiporudi vizuri, hewa inaingia bila kupimwa na mchanganyiko unakuwa mwepesi.

#18 Mwanagenzi_EFI
@BiGia samahani mkuu, 4A-FE nyingi hazina kipimo cha hewa kwenye ule mpira. Zinapima kwa sensa ya mgandamizo iliyounganishwa na manifoldi kwa kipira chembamba. Mpira mkubwa ukilegea utaingiza vumbi, hilo ni baya, lakini hesabu ya mafuta haivurugiki. Injini zenye sensa ya hewa kwenye eyakilina ndizo zinazoumia hivyo.

Kinachopaswa kukaguliwa hapa ni hicho kipira chembamba cha sensa. Kikichomoka, boksi linadhani umekanyaga mpaka mwisho muda wote, linamwaga mafuta. Lakini hapo gari lingetoa moshi mweusi na lisingetulia. Kwa hiyo nadhani siyo.

#19 BiGia
Umenisahihisha vizuri, naikubali. Zile tatu zilizobaki nasimama nazo: klachi, breki inayoshika, na masega ya eksozi.

#20 MpandaMlima
Klachi siyo. Ingekuwa inateleza resi zingepanda na gari lisiende, hapa resi zenyewe hazipandi. Breki nimekagua, nimeinua matairi yote, yanazunguka bila kushikwa na hakuna rimu yenye joto baada ya safari.

#21 TaaYaNjano
Taa ya cheki injini haiwaki, kwa hiyo siyo umeme wala moto. Tafuta kwenye mafuta, badilisha chujio.

#22 Mwanagenzi_EFI
@TaaYaNjano usimpoteze mwenzetu. Magari ya kizazi hicho hayahesabu kumisi. Kazi hiyo ya kufuatilia kila silinda ilikuja na OBD II, mfumo wa gari kujikagua lenyewe, ambao Marekani iliufanya wa lazima kwa magari ya kuanzia modeli ya 1996. Yale ya kabla yanaweza kumisi kutwa nzima na taa ikabaki imezimika. Gari la siku hizi lingekuandikia msimbo wa kumisi, P0300, au P0303 kama ni silinda ya tatu, na taa ingemulika wakati inamisi kwa nguvu. Kwenye hili la mwenzetu, kukosa taa hakuthibitishi chochote.

#23 DizeliMpakaKufa
Hata langu linakosa nguvu mlimani, ni la dizeli. Nibadilishe plagi?

#24 SpanaKumi
@DizeliMpakaKufa mzee, wewe plagi zako ni za kupasha moto asubuhi tu, hazitoi cheche. Fungua uzi wako, ukianza na chujio la dizeli na mipira ya turbo tutakufuata huko.

#25 DizeliMpakaKufa
Sawa kijana, nakuja nao.

#26 Dereva_Mstaafu
Ngoja niwape kisa changu. Gari langu lilikuwa na tabia hiihii baada ya waya mpya. Nilipima kila kitu mchana sikuona. Mjukuu akaniambia tungoje usiku. Tukazima taa zote uani, tukafungua boneti, injini inanguruma, nikapulizia maji kidogo sana kwa kile kichupa cha kunyunyizia nguo zinapopigwa pasi. Wanangu, niliona mwanga wa buluu unatambaa juu ya waya wa silinda ya pili, kuanzia kwenye kofia ya mpira mpaka kwenye chuma cha kichwa cha injini, unakatika na kurudi, na kila ukirudi unasikika "tiki, tiki" kama saa ya ukutani. Mpira wa kofia ulikuwa na tundu dogo kama ncha ya sindano. Cheche ilikuwa inapata njia fupi kuliko ya kupita ndani ya plagi.

Waya ulikuwa mpya, na kwa macho ulikuwa mzuri.

Tahadhari: usiguse kitu chochote wakati huo, na mwenye kifaa cha kusaidia moyo asisogee kabisa.

#27 NipoSitiYaMbele
Kesho usiku nafanya hivyo. Shikamoo mzee.

#28 FundiMwanya
Kisa cha @Dereva_Mstaafu kina ndugu yake: ukichomoa plagi na ukaona mstari mwembamba mweusi unaoshuka wima kwenye kauri nyeupe, cheche imekuwa ikipita nje. Badilisha plagi pamoja na kofia ya mpira, kwa sababu mstari huo huandikwa pande zote mbili na kimoja kitaharibu kingine. Usichanganye na ile pete ya kahawia karibu na chuma, hiyo ni alama ya kawaida na haina madhara.

Na angalia mafuta ya injini ndani ya visima vya plagi. Gasketi ya kifuniko cha valvu ikivuja, kofia mpya inaogelea kwenye oili na kulainika.

#29 MpandaMlima
Taarifa ya wikendi.

Plagi: tatu zina 1.1, ya silinda ya nne ina 1.4. Nimeirudisha. Hakuna mstari mweusi, hakuna ufa ninaouona. Visima ni vikavu.

Taiming: nimepata kiwaya, nimeunganisha TE1 na E1, nikapima upya. Ilikuwa 2. @Mama_Karakana ulisema mle mle. Nimeileta 10, nimekaza bolti, nimehakikisha tena baada ya kukaza.

Matokeo: gari limebadilika sana. Linaondoka jepesi, joto limeshuka. Mlima naupanda na gia ya tatu bila shida mpaka 3,500. Lakini juu ya hapo, mguu ukizama, bado linadunda. Siyo kama mwanzo, ila lipo.

#30 SpanaKumi
Mama Karakana apewe maua yake.

#31 FundiMwanya
Na ile 1.4 je? Umefanya mambo mawili siku moja, hatuwezi kujua lipi limeleta nafuu. Siku nyingine badilisha kimoja, endesha, ndipo ubadilishe kingine. Hilo ndilo lililotuleta hapa: vitu vinne vipya kwa mkupuo, na kila kimoja ni mtuhumiwa.

#32 Mama_Karakana
@FundiMwanya nyuzi 8 za taiming hazilinganishwi na plagi moja yenye sehemu tatu za kumi za milimita. Lakini nakubali kwamba hatuna ushahidi wa kutenganisha.

Mpandamlima, zile waya za zamani unazo? Rudisha hizo tu, kila kitu kingine kibaki.

#33 BiGia
Mimi narudi kwenye masega. Gari lilimisi kwa miezi kabla ya matengenezo, yeye mwenyewe kasema. Kila silinda isiyowaka inapeleka mafuta mabichi kwenye masega, yanawaka humo ndani, joto linapanda hadi ile kauri inayeyuka na kuziba. Kwa hiyo inawezekana plagi mpya hazina kosa, injini sasa inapumua vizuri lakini mlango wa kutokea umezibwa. Gari lenye masega yaliyoziba huenda vizuri chini, likifika resi za juu linakosa pumzi.

Pima kwa geji ya vakyumu. Injini nzima ikinguruma bila mzigo husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Shikilia resi 2,500 kwa dakika moja. Mshale ukishuka polepole na kuendelea kushuka, eksozi imeziba.

#34 Mwanagenzi_EFI
Nyongeza: hizo 17 hadi 21 ni usawa wa bahari. Ukipanda, toa karibu inchi moja kwa kila mita 300. Watu wa nyanda za juu huambiwa injini imekufa kumbe ni hewa nyepesi.

#35 Msafiri_wa_Usiku
Mimi bado nawaza mafuta. Pampu ikichoka inatosha mwendo mdogo, mahitaji yakipanda presha inaanguka. Inaweza kuwa imesadifu tu na siku ya plagi.

#36 Kijana_wa_Plagi
Jamani swali la pembeni: plagi zikifungwa zipakwe ile grisi ya kuzuia nyuzi kushikana? Fundi wangu hupaka kila mara.

#37 FundiMwanya
@Kijana_wa_Plagi NGK wenyewe wanasema usipake kwenye plagi zao, nyuzi zimeshatiwa koti la kuzuia. Ukipaka, spana inateleza na unakaza kupita kiasi bila kujua, na kichwa cha alumini hakisamehe. Kaza kwa vidole mpaka igote, kisha plagi mpya yenye washa ongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Ile ya kiti cha mteremko isiyo na washa, moja ya kumi na sita tu.

#38 MpandaMlima
Wakuu, geji ya vakyumu: bila mzigo inchi 18. Resi 2,500 ilianza 19, baada ya dakika ikawa 17 na nusu. Sijui kama huko ni "kushuka" au ni mkono wangu.

#39 BiGia
Imeshuka.

#40 Mwanagenzi_EFI
Inchi moja na nusu kwa dakika, kwa mkono unaotikisika kwenye kebo ya mafuta? Mimi nisingekata eksozi kwa hilo. Legeza sensa ya oksijeni ya mbele, weka geji ya presha kwenye tundu lake, ushikilie 2,500. Ikipita psi 3 ndipo tuongee.

#41 MpandaMlima
Waya za zamani fundi alishazitupa. Ila nimepima hizi mpya kwa multimita, kikomo kwenye kitabu ni kilo-omu 25 kwa waya. Asubuhi injini ikiwa baridi: 9, 11, 14, 12. Jioni nimerudi kutoka mlimani, nimepima tena zikiwa za moto. Tatu zilezile. Wa silinda ya tatu umesoma 31, kisha 15, kisha 31.

#42 Dereva_Mstaafu
Mwanangu, zima taa za uani.

#43 FundiMwanya
Usitoe waya huo bado. Upime tena ukiwa wa moto, safari hii ukiukunja taratibu karibu na kofia, mwenzako aangalie namba. Na utuambie umeandikwa nini ubavuni.